Shahidi wa Nzi

Nzi wa ishirini na tatu alikuwa na bawa zima, nikashukuru. Wa ishirini na mbili nilimharibu mwenyewe. Kibano kiliteleza, bawa likakunjika kama karatasi ya pipi, ikabidi niandike "limechanika" na kuchukua mwingine mahali pake. Huyu nilimlaza kwenye tone la gliserini, nikamkata bawa la kulia kwenye shina, nikalifunika kwa kioo na kulisogeza chini ya hadubini. Kutoka shina hadi ncha lilikuwa milimita nne na sehemu sita za kumi. Nikaandika.

Ikabaki ile kazi nisiyoizoea hata baada ya miaka saba. Unambana nzi jike tumboni, polepole, kama anayekamua jipu la mtoto, mpaka mwiba wake wa kutagia uchomoze nje. Mwiba hautoki mkavu. Hutoka na tone la ute mweupe, na mara nyingi yai moja au mawili yanayoteleza kando na kubaki yamenata kwenye kioo. Ute ule una harufu ya togwa iliyosahaulika kwenye kibuyu. Nikishaufuta kwa pamba ndipo ninapoweza kuupima mwiba, na siku hiyo niliufuta mara mbili, kwa sababu sikuamini nilichokisoma.

Milimita moja na ushei. Karibu moja na sehemu tatu za kumi.

Mwiba wa nzi mpera haufiki milimita moja.

Sikuandika chochote. Nilichukua kioo chenye mistari ya kupimia, nikakikagua kama kimehama. Hakikuhama. Nikafikiri labda nimembana mno, nyama ya ndani imetoka pamoja na mwiba. Nikampima wa ishirini na nne kwa mkono mwepesi zaidi. Bawa nne na nusu, mwiba uleule mrefu. Wa ishirini na tano vilevile. Nikarudi kwa wa kwanza hadi wa ishirini na mbili, ambao nilikuwa nimewapima mabawa tu na kuwaweka kando, nikaanza kuwakamua mmoja mmoja.

Kibano changu cha ncha nyembamba, cha kazi hiyo, kilivunjika miezi mitano iliyopita. Mwongozo wa kupima haudai mwiba. Unadai bawa, na bawa likiwa chini ya milimita nne na sehemu nane, nzi huyo ni mpera, basi. Safu ya mwiba katika daftari langu niliichora mwenyewe mwaka wa kwanza, kwa mazoea ya kushona: fundi hapimi mtu mahali pamoja. Kibano kilipovunjika niliagiza kingine, nikangoja, na katika kungoja huko nikaendelea kutia sahihi kwa mabawa peke yake. Kibano kipya kilikuwa kimefika jana, nami sikukikumbuka mpaka nilipofika kwa wa ishirini na tatu.

Katika ishirini na tano, wenye mwiba mfupi walikuwa wawili.

*

Unga wa funza ulipoletwa Kwemhosi, mwaka wa pili wa ukame, masheikh na wachungaji walikaa siku tisa katika ukumbi wa halmashauri. Ng'ombe walikuwa wamekwisha, kuku wamekwisha, na watoto walikuwa wanavimba miguu. Juu ya funza wa tunda hapakuwa na ubishi mkubwa. Nani amekula mapera maishani mwake bila kumeza funza hata mmoja? Amezaliwa ndani ya tunda, hajagusa kingine, analiwa pamoja na tunda lake. Walipatana kwamba asagwe na nyama ya pera alimokulia, akaushwe, awe unga.

Ugumu ulikuwa kwamba nzi ni wawili, na ni ndugu. Nzi mpera hutaga kwenye tunda zima lililo mtini, na funza wake akiwekwa juu ya kitu kingine hufa. Nzi jaa hutaga popote panapooza. Akipata tunda atakula tunda, akikosa atakula mzoga, na kwenye mzoga hukua mara mbili kwa haraka. Ukiwaweka pamoja kiganjani huwezi kuwatenga. Madoa ya mabawa ni yaleyale, macho ya kijani ni yaleyale, mgongo wa manjano ni uleule. Jaa ni mkubwa kidogo tu, na mwiba wake ni mrefu.

Kiwanda kilikuwa na mashine ya kuwapima, tunayoiita Jicho. Nzi hupita kwenye mfereji wa kioo, Jicho linasoma mabawa yao, elfu tatu kwa saa. Wazee waliitazama, wakaisifu, kisha wakasema mashine haiwezi kuapa. Ushahidi unataka mtu. Katika kila mzigo wa unga, mtu aliyeapishwa apime majike mia moja kwa mkono wake, ndipo unga utoke.

Walinichagua mimi kwa sababu nilikuwa fundi cherehani mwenye macho mazuri, na kwa sababu nilikuwa nimejifunza kutumia hadubini ya zahanati kwa kuipanguza vumbi tu. Nilitia udhu nikaapa mbele ya watu, uwanja wa shule ukiwa umejaa. Kisha nikapewa kikombe cha kwanza cha uji ule, nikanywa chote, watu wakinitazama koo. Sauti yangu si kubwa, lakini siku ile nilijitahidi isikike. Nilisema: huyu ni mpera.

*

Katika sanduku la mfano mna nzi wa mwaka wa kwanza wa kazi yangu, waliohifadhiwa kwenye spiriti. Nilimtoa mpera mmoja, nikampima: bawa nne na nusu, mwiba pungufu ya moja. Nikamtoa jaa: bawa tano na sehemu nne, mwiba moja na sehemu tatu na ushei. Nikaweka mezani karatasi ya leo katikati yao. Nzi wa leo walikuwa na bawa la huyu na mwiba wa yule.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba wamezaana. Sikulikubali haraka, maana chotara angekuwa katikati kwa kila kitu, bawa la katikati na mwiba wa katikati. Hawa hawakuwa katikati popote.

Nilikaa nikawatazama mpaka shingo ikauma. Ndipo nikakumbuka kofia.

Mwaka wa kwanza wa ukame nilikuwa bado nashona kanzu na kofia za watoto wa chuoni kila mwezi wa maulidi. Mwaka ule vipimo vya kanzu vilirudi nyuma. Mtoto wa miaka kumi alivaa kanzu ya mtoto wa miaka saba, mabega membamba, urefu mfupi. Nilikata kofia kwa kufuata kanzu, na kofia zote zikabana. Ikabidi nifumue ishirini na sita. Njaa hupunguza mikono, hupunguza miguu na kifua, lakini kichwa hukiacha karibu na ukubwa wake. Mwili una vitu unavyovitoa kwanza, na vitu unavyovishikilia mpaka mwisho.

Nzi jike naye ana kimoja asichokubali kukitoa.

Basi hawa walikuwa jaa. Jaa waliokulia njaa, mabawa yamedumaa yakaingia katika kipimo cha mpera, mwiba umebaki na urefu wa ukoo wake. Na Jicho, ambalo husoma mabawa tu, liliwapitisha. Na mimi niliwapitisha, miezi mitano.

Asubuhi ile nilikuwa nimekunywa bakuli zima la uji wa kiwandani. Nilifunga daftari. Nilisimama, nikaenda kumtafuta msimamizi.

*

Msimamizi wetu ni Bwana Shekiondo, kijana wa miaka thelathini na kitu, mrefu, ambaye tangu siku ya kwanza huniamkia kabla sijafika mlangoni. Nilimkuta kwenye kivuli cha matangi, akiwa na kikokotoo na chupa ya maji. Akaniamkia, nikamwitikia. Nikamwambia ninataka kuingia banda la tatu la malezi, ambalo limefungwa tangu mwezi wa tatu kwa madai kwamba linapuliziwa dawa.

Nilitazamia anizuie. Hakunizuia. Alinitazama, akatazama vidole vyangu vilivyokuwa bado vinang'aa gliserini, akatoa funguo mfukoni. Alinipa barakoa, akasema nivae mbili.

Barakoa mbili hazikusaidia. Harufu ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mbao za mlango. Ndani kulikuwa na joto la kinywa. Trei zilipangwa juu kwa juu mpaka kwenye bati, kama katika banda la kwanza na la pili, ila kule trei ni za rangi ya waridi kwa nyama ya mapera, na hizi zilikuwa nyeusi. Weusi wenyewe ulikuwa unatembea. Niliposogea niliona kwato. Kisha niliona taya yenye meno marefu ya manjano, na sikio moja, refu, la punda, na sikio lile lilikuwa linatikisika kama la mnyama aliye hai anayefukuza nzi. Lilitikiswa na waliokuwa ndani yake.

Majimaji yalichuruzika kutoka trei ya juu kwenda ya chini, na wa chini walikuwa wanapokea.

Bwana Shekiondo alinieleza kwa utulivu, kama anayemtembeza mgeni. Mapera yaliisha mwezi wa tatu, yakabaki machache tu ya banda la kwanza na la pili. Mashamba ya Muheza yalikauka, yale ya bondeni yaliuzwa kabla ya kuiva. Punda walikuwa wanakufa barabarani kwa makumi, na wenyewe walifurahi kuondolewa mizoga. Funza wakila siku nne, huhamishiwa kwenye trei tupu, hukaa siku tatu bila chochote mpaka matumbo yawe matupu, halafu hupewa nyama ya pera iliyobaki kwa siku moja. Ndipo husagwa. Wachache huachwa wawe nzi, kwa ajili ya kupimwa.

Nilimuuliza kama zile siku tatu za njaa ziliwekwa ili nzi watoke wadogo.

Alinishangaa kweli. Alisema njaa ni ya kuwasafisha tu, mambo ya ukubwa wa nzi hayajui, na Jicho lilipoupitisha mzigo wa kwanza alidhani Mungu amefumba macho kwa huruma. Namwamini, au namwamini nusu. Mtu akisafisha kitu kwa sababu moja, na usafi huo ukamfichia jambo lingine, si rahisi kusema alikusudia lipi. Sikutaka kumhukumu nikiwa nimesimama mahali pale, nikipumua kupitia mdomo.

Tulitoka. Nje nilitema mara tatu mfululizo, na ladha haikuondoka.

"Mama Mwantumu," alisema, "ulitaka nifunge?"

Nilizikunja zile barakoa mbili mkononi.

"Wale watoto walikuja hapa vichwa kama maboga, shingo kama vijiti. Leo wanavunja vioo vya shule kwa mpira. Nenda kawaambie wameshibia mzoga, uone nani atakushukuru." Akanywa maji. "Na hata dini imeweka nafasi. Dharura ni dharura."

Nilimwambia dharura ninaijua. Lakini dharura ni ya mwenye njaa, akiwa ameona kilicho mbele yake na hana kingine. Anakula kwa mkono wake. Huwezi kuwa na dharura kwa niaba ya mtu, ukamfumba macho, ukamlisha.

Akasema watoto hawachagui. Mtoto hata dawa humezeshwa kwa nguvu.

Nikasema watoto wana wazazi.

Hapo alifunga chupa yake ya maji. Alipofungua mdomo hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema yeye hajaandika neno la uongo hata moja. Jicho limesema mpera. "Na wewe umesema mpera, mama. Sahihi zako ishirini na mbili za tangu mwezi wa tatu ziko ofisini." Kisha akaniambia mzigo wa leo unasubiri sahihi ya ishirini na tatu, kuna shule kumi na moja zinazoutegemea kesho, akanitakia kazi njema.

*

Nilirudi mezani. Mtu mwingine pengine angeupiga teke mlango, akaenda sokoni kupiga kelele. Mimi sijui kupiga kelele, na nilijua wataniuliza nini: umepima wangapi? Nikisema ishirini na tano wataniambia sheria ni mia moja. Nikaketi, nikamtoa nzi wa ishirini na sita kwenye barafu.

Kukamua kulikuwa kugumu zaidi sasa. Kila ute uliotoka nilijua umetoka wapi. Yai liliponata kwenye kioo nililitazama, na badala ya kulifuta nikaliona linavyoanguliwa juu ya lile sikio. Mara mbili nilinyanyuka kwenda kunawa, mara ya pili nikanawa mpaka viwiko, kisha nikacheka peke yangu, maana kilichonitia kinyaa hakikuwa mikononi. Kilikuwa kimeshakuwa nyama yangu. Miezi mitano ni muda wa kutosha kwa mwili kujijenga kucha mpya na nywele mpya. Nilitazama kucha zangu.

Pale kwenye meza ndipo nilipolipima jambo lenyewe, upande huu na upande ule, bila haraka. Nikitia sahihi, watoto elfu tisa watakunywa uji kesho, na nitakuwa shahidi wa uongo anayejua. Mpaka jana nilikuwa shahidi wa uongo asiyejua, na tofauti ya hao wawili ni kubwa, ingawa tumbo haliioni. Nisipotia, hakuna unga mwingine wilaya nzima, na mvua hazijaandikwa popote. Nimeshona sanda ndogo za kutosha mwaka ule wa kofia. Sikutaka kujifanya kwamba sizikumbuki.

Nilifika wa arobaini na moja. Waliokuwa mpera walikuwa watatu.

Mlango ulisukumwa bila hodi, nikajua ni wifi yangu. Nyamvula, mke wa kaka yangu, ndiye mpishi mkuu wa shule ya Kwemhosi, na kila alasiri huja na mkokoteni kuchukua unga wa kesho yake. Kwetu sisi mawifi ni watani, na yeye hakuwahi kunipitia bila kunichokoza.

"Wifi, bado unawavua nzi wa watu nguo? Waume zao wakija je?"

Siku nyingine ningemjibu. Aliona sijibu, akasogea, akanitazama usoni, akauliza nani amekufa.

Nilimwambia akae. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, kama nilivyoyakuta: mwiba, kofia, banda la tatu, punda. Sikupunguza na sikuongeza. Nilipofika kwenye trei nyeusi alichukua ncha ya leso yake akaiweka mdomoni, akaiuma. Nilipomaliza alikuwa bado ameiuma. Nilidhani anazuia kutapika. Nikamsogezea ndoo.

Aliikataa ndoo kwa mkono.

"Mimi nilinusa," alisema.

Sikumwelewa.

Akasema uji ule ulibadilika harufu tangu mwezi wa tatu, ukianza tu kuchemka. Harufu ya kidonda kilichofungwa bandeji siku nyingi. Ikitokota vizuri inapungua, lakini mwanzoni inapanda na mvuke na kumkaa puani. Siku ya kwanza alidhani ni sufuria, akaisugua kwa mchanga. Siku ya pili watoto wa darasa la kwanza walikunja nyuso, wawili wakamwaga. Siku ya tatu alitia iliki. Wiki iliyofuata akaongeza mdalasini, kisha tangawizi, akivitoa nyumbani kwake. Watoto wakaanza kuramba vikombe. Wazazi wakamsifu, mama mmoja akaja kuomba amfundishe kipimo cha viungo.

"Nikamfundisha," alisema Nyamvula.

 Nje mafundi wa mchana walikuwa wanaaga. Nyamvula alikuwa na watoto watatu katika shule ileile, na wote niliwashika mimi walipozaliwa.

Aliniuliza kwa nini yeye hakusema. Aliniuliza mimi, kana kwamba ningeweza kujua. Nikamwambia pengine kwa sababu ileile iliyonifanya niendelee kutia sahihi nilipokosa kibano. Alitikisa kichwa, hakufarijika, na mimi sikuwa nimekusudia kumfariji.

"Ukiwamaliza hao waliobaki, ukawakuta ni walewale?"

"Nitarudi uwanjani, pale nilipoapia. Nitasema."

"Halafu watoto watakula nini?"

Nilimwambia sijui. Lilikuwa jibu la kweli na lilikuwa jibu baya, na sote wawili tuliliacha pale mezani kama lilivyo.

Alisimama, akajifunga leso upya kiunoni. Akasema nyumbani ana unga wa muhogo, utatosha darasa la kwanza na la pili, wakubwa watavumilia hadi mchana. Akasema saa nne asubuhi ataleta wazazi hapa, wote atakaowapata, na kila mmoja ataweka jicho lake kwenye hiyo hadubini, kisha atapelekwa banda la tatu bila barakoa. Baada ya hapo atakayetaka uji kwa ajili ya mwanawe ataomba mwenyewe, kwa mdomo wake, na yeye atampikia.

"Bila iliki," alisema.

Alitoka na mkokoteni mtupu. Bwana Shekiondo alimwita kutoka kwenye matangi, akimuuliza mbona hajapakia. Sikusikia alivyomjibu, ila hakusimama.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa, na umeme wa paneli ukaanza kufifia. Taa ya hadubini ikawa ya manjano. Kwa mwanga huo mtu anaweza kukosea sehemu moja ya kumi, na sikutaka kukosea hata nusu yake. Fomu ya mzigo niliiacha bila sahihi, nikaiwekea kibano juu isipeperuke. Waliobaki walikuwa hamsini na tisa. Niliwafunika ndani ya barafu, wakiwa wamelala, miguu imekunjwa. Katika daftari niliandika namba arobaini na mbili, nikachora safu ya bawa, nikachora safu ya mwiba, nikaziacha wazi.